Fikasi za kuchonga kwenye vyungu, Tanga: za nje zinaungua ncha, za ndani zinapukutika

BintiRaskazone aliuliza:

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaojua miti ya kuchonga.

Nyumba ipo Raskazone, kama mita 300 kutoka baharini. Kuna fikasi nne, zile za majani madogo yanayoning'inia, zote zimechongwa mpira juu ya shina tupu. Urefu ni mita 1.2, na mpira una upana wa sentimita 45 hivi. Vyungu ni vya saruji, vipya, lita 20 kila kimoja. Udongo ni makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa na mchanga, nusu kwa nusu. Maji ni ya kisima, lita moja kila chungu kila siku.

Mbili zipo nje kwenye mlango unaotazama mashariki. Kingo za majani zimekuwa kahawia, hasa upande wa bahari, majani machanga yanageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, na juu ya udongo kuna ukoko mweupe.

Mbili ziliingizwa sebuleni wiki tatu zilizopita moja kwa moja kutoka kitaluni, ambako zilikuwa juani kutwa nzima. Sasa zinapukutisha majani, na mengine yanaanguka yakiwa bado kijani. Kiyoyozi kinawashwa usiku.

Je, ni ugonjwa? Nibadilishe udongo? Na kwa kuwa huu ni mwezi wa pili, nizikate sasa au nisubiri?

---

MpogoajiWaPwani:

Dada, ugonjwa hapo siuoni. Za nje zina chumvi, za ndani zina mshtuko wa kuhamishwa. Nianze na za nje.

Chumvi inaingia kwa njia tatu kwa pamoja. Ya kwanza ni upepo. Mlango wa mashariki kwa Tanga unapigwa na kaskazi miezi hii, na kusi ikianza mwezi wa nne inaupiga tena kutoka upande wa pili, kwa hiyo hakuna msimu wa kupumzika. Ya pili ni kisima. Visima vingi vya ukanda huo vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe karibu na bahari, maji yake yana chumvi na chokaa. Ya tatu, na hii watu wengi hawaifikirii, ni hayo makumbi. Pwani makumbi hufukiwa kwenye mchanga wa bahari miezi mingi ili yalainike kwa ajili ya usumba wa kamba, na masalio yake ndiyo yanayouzwa au kugawiwa bure kwa ajili ya bustani. Yamejaa chumvi. Kama umebakiwa na makumbi ambayo hayajatumika, loweka gao moja kwenye nusu lita ya maji ya bomba usiku kucha, asubuhi gusisha ncha ya ulimi kwenye maji hayo kisha uteme. Ukisikia chumvi, jibu umelipata.

Lita moja kwa siku inaongeza tatizo. Maji yanalowesha sehemu ya juu, jua linayavuta, chumvi inabaki. Ule ukoko mweupe ndio hiyo.

Fanya hivi kesho asubuhi. Kwangua ukoko pamoja na sentimita moja ya udongo wa juu, tupa. Inua chungu juu ya vipande vitatu vya vigae ili tundu la chini lisizibwe na sakafu. Mimina maji ya bomba lita 10 polepole, subiri robo saa yachuruzike yote, rudia mpaka zifike lita 50. Kwa chungu cha lita 20 pungufu ya 40 haitoshi, kwa sababu maji kidogo yanahamisha chumvi kutoka juu kwenda kwenye mizizi badala ya kuitoa nje. Baada ya hapo rudia kila baada ya wiki sita mpaka masika yaanze. Mvua za masika zenyewe zitakufanyia kazi hiyo bure.

Maji ya bomba ya Tanga yanatoka Mto Zigi kupitia bwawa la Mabayani, hayana chumvi ya bahari. Kisima kiachie kuoshea sakafu. Ukikinga mvua ya bati, acha mvua ya kwanza ipite, maana inaosha vumbi na chumvi iliyoganda juu ya paa.

Majani nayo yaoshe. Siku upepo ukivuma kwa nguvu, asubuhi inayofuata mwagia mpira wote maji baridi, juu na chini ya majani, kabla jua halijakolea.

---

Kitalu_Muheza:

Naunga mkono yote hayo. Naongeza kuhusu yale majani machanga ya manjano yenye mishipa ya kijani: huo ni upungufu wa madini ya chuma, na mara nyingi chuma chenyewe kimo kwenye udongo ila chokaa imekifunga. Chokaa inatoka kisimani na pia kwenye vyungu. Chungu kipya cha saruji kinatoa chokaa kwa wiki nyingi kisipoloweshwa kwanza. Kabla ya kupanda, kijaze maji na ukizamishe kwenye pipa kama una pipa, wiki mbili, ukibadilisha maji kila siku ya tatu.

Kwa kuwa miti imeshapandwa, usiing'oe sasa hivi jua likiwa kali. Osha udongo kama alivyosema Mpogoaji, kisha masika yakishatulia uhamishe. Dawa ya chuma ya kumwagilia itafute ile iliyoandikwa EDDHA. Ile ya EDTA kwenye udongo wa chokaa inaishiwa nguvu haraka. Fuata kipimo cha kwenye pakiti.

Mchanganyiko wa kuhamishia: ndoo mbili za udongo tifutifu, ndoo moja ya samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi sita au zaidi, ndoo moja ya mchanga wa mto wa chembe kubwa, na ndoo moja ya makumbi yaliyolowekwa na kukamuliwa mara tatu. Mchanga wa ufukweni usiuguse kabisa. Chini ya chungu weka kipande cha wavu wa mbu juu ya tundu, basi. Kokoto za chini hazisaidii kutoa maji: maji hukaa kwenye udongo ulio juu ya kokoto kabla ya kushuka, kwa hiyo sehemu yenye unyevu mwingi inapanda karibu zaidi na mizizi.

Ukiutoa mti, tazama mizizi. Ikiwa imezunguka na kufanya kofia, kata sentimita mbili mpaka tatu pembeni na chini kwa kisu kikali, rudisha mti kwenye chungu kilekile, uweke kivulini siku kumi. Fikasi inavumilia hilo kila baada ya miaka miwili.

Mbolea usitie yoyote mpaka machipukizi mapya yatoke safi. Mbolea ya chumvichumvi juu ya mizizi iliyoungua na chumvi ni kuiongezea jeraha. Baadaye, NPK 17-17-17 kijiko kimoja cha chai kwa chungu kila wiki sita, udongo ukiwa umeshalowa. Za ndani zipe nusu kijiko kila miezi mitatu.

---

Kivuli_na_Mwanga:

Nizungumzie za ndani.

Jani la fikasi lililokulia juani limeumbwa kwa ajili ya jua. Ukiliingiza sebuleni, linatumia chakula kingi kuliko linachotengeneza, na mti unalitupa hata likiwa kijani ili uote mengine mapana na yasiyo manene yanayotosheka na mwanga mdogo. Kwa hiyo kupukutika huko mti unajirekebisha. Kosa linalofuata ndilo linaloua: mtu akiona majani yanaanguka anaongeza maji. Mti wenye nusu ya majani unakunywa nusu ya maji, kinachobaki kinaozesha mizizi.

Chukua kijiti cha mshikaki, chomeka sentimita tano, subiri dakika moja. Kikitoka na udongo uliogandana, usimwagilie. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, na baada ya nusu saa mwaga yaliyobaki kwenye sahani.

Mwanga upime hivi saa sita mchana: weka karatasi nyeupe pale penye mti, nyanyua mkono sentimita 30 juu yake. Kivuli chenye ukingo unaoonekana wazi kinatosha. Kikiwa ukungu tu, sogeza mti dirishani, ndani ya mita moja na nusu. Na kumbukeni Tanga ipo nyuzi 5 kusini mwa ikweta, jua linahama upande. Kuanzia mwanzoni mwa Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba linapita upande wa kaskazini, miezi mingine upande wa kusini. Dirisha lililofaa Januari linaweza kuwa giza Juni.

Kila wiki geuza chungu robo mzunguko kwa mwelekeo uleule. Weka alama ya chaki kwenye ukingo usije ukasahau. Usipogeuza, upande wa ukutani unakonda na mpira unakuwa yai.

Kiyoyozi hakina shida kikiwa nyuzi 25, mradi upepo wake usiupige mti. Upe mti nafasi ya mita mbili.

Usizirudishe nje, zitapukutika mara ya pili. Ziache zilipo, ndani ya wiki sita mpaka nane utaona vichipukizi. Kama tawi lina shaka, kwangua gome kwa ukucha: kijani chini yake maana yake lipo hai.

---

MpogoajiWaPwani:

Kivuli, hapo nakubaliana nawe kwa fikasi. Kuna wanaoshauri kubadilishana, mbili ndani wiki mbili kisha mbili nje. Kwa fikasi ushauri huo ni mbaya, unazifanya ziishi kwenye mshtuko mwaka mzima. Wakati mwingine ukinunua kitaluni, mti ukae barazani kwenye kivuli chepesi wiki tatu, kisha ndani ya mlango wiki mbili, ndipo sebuleni.

Kwa wengine wanaosoma: mvinje, tuja na miti mingine ya krismasi isiingizwe ndani kabisa. Na tuja ikikatwa mpaka kwenye kuni ya kahawia haichipui tena pale, shimo linabaki. Dyuranta ya dhahabu ndani inageuka kijani na kurefuka ovyo. Isitoshe matunda yake ni sumu, nyumba yenye watoto iangalie. Kwa mlango unaopigwa na upepo wa bahari moja kwa moja, bogenvilia iliyochongwa mpira inavumilia chumvi kuliko fikasi. Kwa ndani penye mwanga hafifu, shefulera inafundishika vizuri kuwa shina moja lenye kichwa.

---

BintiRaskazone:

Nashukuru sana, wakuu. Jana nimeosha za nje, maji ya mwanzo yalitoka rangi ya chai. Maswali mawili: kukata je? Na kwenye mti mmoja wa nje kuna majimoto (sisimizi wa mitini) wengi wanapanda na kushuka, niwaue?

---

MpogoajiWaPwani:

Majimoto hawali mti. Wanafuata utamu. Geuza majani, angalia kwenye mshipa wa kati na kwenye vifundo vya matawi: utakuta vidugamba, vidoa vya kahawia kama maganda ya ufuta, au vya unga mweupe kama pamba. Vinafyonza utomvu na kutoa maji matamu, majimoto wanavilinda. Jani la chini likinata au likiwa na masizi meusi, ni hao. Futa matawi kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Kisha changanya mafuta ya mwarobaini mililita 5 na sabuni ya maji mililita 3 kwa lita moja ya maji ya bomba, nyunyiza jioni chini ya majani, rudia kila siku ya saba mara tatu, kwa sababu mayai hayafi kwa mara moja. Majimoto watahama wenyewe wakikosa chakula. Majani yaliyojikunja kama sambusa yafungue: ukikuta wadudu weusi wembamba, chuma yote, funga kwenye mfuko.

Kukata: subiri. Ukikata Februari, majani ya ndani yaliyokuwa kivulini yanakutana na jua na chumvi siku hiyohiyo. Anza masika yakishaingia, machipukizi yakiwa na majani matano au sita, na uchague asubuhi ya mawingu. Za ndani usiziguse mpaka zijae tena.

Siku ya kukata, funga uzi kwenye shina katikati ya mpira, urefu wa sentimita 22, ndio kipimo chako. Anzia utosini, kata mikanda minne myembamba kutoka juu mpaka chini, kwa nafasi sawa, kwa kufuata ncha ya uzi. Kata mwingine kuzunguka kiuno. Sasa una vipande vinane, kata kimoja kimoja. Mkasi wenye makali yaliyopinda ugeuze tumbo, yaani upande uliobinuka, lielekee kwako, utafuata mviringo; ukiushika kinyume unachimba mashimo. Acha majani mawili au matatu kwenye kila kichipukizi kipya, na kwa siku moja usiondoe zaidi ya theluthi moja ya majani yote. Ukimaliza, kung'uta mpira kwa mikono, toa majani makavu yaliyonasa ndani ili hewa ipite.

Vaa glavu. Maziwa ya fikasi yanawasha ngozi, na machoni ni mabaya zaidi. Mkasi ufute kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine, hasa ukitoka kwenye ule wenye vidugamba.

---

Kitalu_Muheza:

Kata huo wenye vidugamba mwisho wa yote. Na waya au kamba zilizofunga shina kwenye kijiti zikague siku hiyohiyo: zikianza kuzama kwenye gome, zikate, funga upya kwa umbo la nane, tena kwa kulegeza kidole kimoja.