Wezi wa santuri, na nyinyi mnaonunua kwao: tumechoka!

Wadau, hasira hii nimeikalia vya kutosha, leo naitoa. Sisi tunaouza santuri za zamani hapa Nairobi tunaibiwa kila uchao, na wanaotuibia si wale vijana wa kunyakua simu barabarani. Ni watu wanaoujua muziki vizuri sana. Wanaingia na salamu zao, shikamoo mzee, habari za biashara, wanakuulizia taarabu za Zein wa Mombasa na benga za Misiani wa Shirati Jazz, mnapiga gumzo mpaka unamwagizia chai. Akiondoka, sahani, yaani santuri yenyewe bila jalada, iko ndani ya koti.

Acha niwaeleze wanavyofanya, mwenye kibanda asome akae macho. Huja wawili. Mmoja anaomba umpigie santuri aisikie, na huwezi kumkatalia, maana santuri iliyobonyezwa kiwandani mwaka 1979 hainunuliwi kwa macho, lazima sindano ilale juu yake usikie mikwaruzo. Sasa wewe umeinamia mashine unapangusa vumbi, mwenzake yuko nyuma kwenye makreti. Jalada haligusi kulibeba. Anachomoa sahani, anatia nyingine ya bei ya kutupa, jalada analirudisha pale pale. Ukilinyanyua lina uzito wake. Ukipitisha macho jioni unapofunga, hesabu imetimia.

Nilivyojua? Mzee mmoja, mwalimu mstaafu wa kutoka Kisumu, alikuja akanunua LP, ile santuri kubwa ya nyimbo nyingi, ya bendi ya Super Mazembe, aliyoitafuta kwa miaka. Alikuwa na haraka ya basi, akalipa kwa M-Pesa, akaikumbatia akaenda zake. Usiku akanipigia. Hakufoka hata kidogo. Akaniambia, "Mwanangu, hii uliyonipa ni kwaya ya Wajerumani, wanaimba Krismasi." Nilimrudishia pesa yake yote pamoja na nauli, lakini niambieni, pesa inamrudishia mzee yule nini? Na atawaambia nini wenzake kuhusu duka langu? Mwizi anachukua sahani, anayebaki anaitwa tapeli ni mimi.

Zile santuri ndogo za 45, za mizunguko 45 kwa dakika, ndizo wanazobeba kama njugu. Inchi 7 tu, inakaa ndani ya gazeti lililokunjwa na hakuna anayeona. Nyingi hazikuwahi kuwa na jalada la picha, ziliuzwa kwenye karatasi ya kampuni au karatasi tupu, kwa hiyo hata ile mbinu ya kuweka majalada nje na sahani nyuma ya kaunta haisaidii. Unaweka nini nje?

Na hawachukui ovyo. Simu iko mkononi, wameshaingia Discogs, tovuti ya kuuza na kuorodhesha santuri, wakaona santuri gani iliwahi kuuzwa kwa bei gani na nani anaitafuta. Tangu kampuni ya Soundway ya Uingereza ilipotoa mkusanyiko wa Kenya Special mwaka 2013, wanunuzi wa ng'ambo wameamka. Sina ugomvi na hilo, nafurahi vijana wa London na Tokyo wakicheza nyimbo zetu. Ugomvi wangu ni kwamba mlango ule ule ndio wezi wanapitishia mali. Makreti yangu yana mamia ya sahani, lakini zinazotoweka ni zile zile adimu.

Kuna watu humu wataniambia, "Si uagize nyingine?" Niagize wapi? Nairobi ndiyo iliyokuwa ikibonyeza santuri za Afrika Mashariki nzima. Bendi za Dar es Salaam zilirekodi Radio Tanzania, lakini kule hakukuwa na kiwanda, santuri zikabonyezwa hapa. Wakongo waliohamia Nairobi, kina Mangelepa na Super Mazembe, walirekodi hapa. Taarabu ya Mombasa ilitoka kwa lebo ya Mzuri, yaani kampuni ya kutoa santuri. Kisha kanda zikaingia, wanakili haramu nyuma yake, na mashine zikanyamaza. Kanda mama za studio nyingi hazijulikani ziliko. Kuna nyimbo ambazo kilichobaki duniani ni zile sahani chache zilizookolewa kwenye baa zilizofungwa na kwenye masanduku ya marehemu. Na mnajua santuri zetu za 45 zilivyo: wimbo unaanzia upande wa kwanza, unakatika, unamalizikia upande wa pili, na upande wa pili ndipo magitaa yanapofunguka. Mwizi akiitupa ndani ya begi bila karatasi ikakwaruzika mifereji ya sauti upande huo, ameua nusu ya wimbo iliyo tamu, na pengine hakuna mahali pengine utaisikia.

Nilikwenda kituoni kupiga ripoti. Afisa akaandika, nikapewa nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, halafu akaniuliza, "Rekodi za zamani tu? Hakuna kitu kingine walichochukua?" Ningesema nimeibiwa mbuzi angeinuka pale pale. Afande, moja ya hizo sahani inalipa kodi ya kibanda changu! Ni mali kama mali nyingine, nimeilipia, nimeisafirisha kutoka Nakuru, Kakamega, Malindi, nimeiosha kwa mikono yangu.

Sasa nije kwa nyinyi mnaonunua, maana nyinyi ndio mlionifanya niandike.

Moja ya santuri zangu niliiona mtandaoni. Naijua kama ninavyomjua mwanangu: upande wa pili, juu ya lebo, ile karatasi ya katikati, ina muhuri wa zambarau wa baa moja ya zamani ya Nakuru, na muhuri ulipigwa kombo ukakata nambari ya katalogi katikati. Muuzaji aliupiga picha upande ule ule bila haya. Nikamwandikia kwa heshima, nikamtumia picha yangu ya sahani hiyo hiyo niliyoipiga nilipoinunua. Akanifungia asinisome. Baadaye ikaandikwa imeuzwa. Aliyeinunua ni mkusanyaji wa hapa hapa mjini, mtu wa kuja dukani kwangu! Nilipomuuliza akasema, "Mimi nilinunua tu kaka, sikuuliza imetoka wapi."

Hukuuliza kwa sababu ulijua jibu. Mtu anakuuzia santuri adimu nusu bei, hataki mkutane dukani, hana la kukuambia kuhusu alikoipata, anataka pesa leo leo, na wewe mkusanyaji wa miaka mingi huoni kitu? Someni sheria. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 275, wizi wa kawaida ni kifungo cha hadi miaka 3. Kifungu cha 322, kupokea mali ya wizi huku ukijua ni ya wizi, au ukiwa na sababu ya kuamini hivyo, ni hadi miaka 14. Waliotunga sheria walielewa jambo ambalo baadhi yenu mnajifanya hamlielewi: bila mpokeaji, mwizi wa santuri hana kazi. Kwani ataipeleka wapi? Sokoni kwa mama mboga?

Wenzangu wa vibanda, pigeni picha lebo za pande zote mbili za kila sahani ya maana, na ile namba iliyochongwa kwenye plastiki kati ya wimbo na lebo, pamoja na kila mkwaruzo na kila jina lililoandikwa kwa kalamu. Bila hivyo, polisi na mtandao watakuambia sahani zote zinafanana. Mteja akitaka kusikiliza, mwenzake naye asimame hapo kwenye mashine, asizurure. Atakayeudhika audhike.

Zilizonitoka ni LP ya Super Mazembe, sasa jalada lake ninalo mimi na sahani anayo mtu. 45 mbili za bendi ya Les Wanyika, moja ikiwa na herufi J.M. kwa wino mwekundu. Taarabu ya lebo ya Mzuri iliyomeguka kidogo ukingoni. Na ile yenye muhuri wa Nakuru, ambayo aliyenayo anajijua na anasoma hapa. Bwana, irudishe. Nitakupa risiti kwamba umeirudisha kwa hiari yako. Ukikaa kimya, picha zote mbili na nambari ya OB zinakwenda kwa wakili, na jina lako liko kwenye barua.