Baba ana miaka 56, kumbukumbu anayo ila tabia imebadilika kabisa. Inaweza kuwa demensia?

Kitindamimba:
Wakuu habari zenu, naombeni mawazo. Mzee wangu alikuwa mpole na mwenye huruma, sasa amekuwa mtu mwingine kabisa. Juzi mama kateleza kwenye ngazi kaumia mguu, analia pale chini, baba kamruka kaenda zake kuwasha tivii. Wala hakuwa na hasira, ni kama hajaona kitu. Usiku namkuta anakula sukari kwa kijiko tokea kwenye kopo, na mgeni akija anaweza kumwambia umenenepa vibaya wewe. Kazini wameshampa barua ya onyo. Kinachonichanganya ni kwamba hasahau, birthday zetu zote anazijua, njia hapotei. Daktari alisema ni sonona akampa vidonge. Mama ndo anaumia zaidi, anaamini hapendwi tena. Kuna mtu kaniambia ipo demensia isiyoanza na kusahau, ni kweli?

Nesi_mstaafu:
Pole sana mwanangu. Ipo, inaitwa demensia ya frontotempora, wengi wanaandika FTD. Ubongo unasinyaa sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, na pembeni usawa wa masikio, na huko ndiko kwenye huruma, kujizuia na lugha. Kumbukumbu mara nyingi inabaki mwanzoni, ndo maana akiulizwa leo tarehe ngapi anajibu vizuri na watu wanaona mzima. Huwa inaanza zaidi kati ya miaka 45 na 65, kwa hiyo inadhaniwa sonona au ugomvi wa ndoa. Huko kula sukari usiku nako ni dalili inayojulikana sana. Si lazima iwe hiyo, lakini ombeni rufaa kwa daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, apigwe picha ya ubongo ya MRI. Na mama apate nafasi ya kuongea na daktari pembeni, maana mgonjwa mwenyewe atasema sina shida yoyote na hadanganyi, kweli haioni.

Dada_mkubwa:
Kwetu ni mama, kwake ilianzia kwenye maneno, anataka kusema kikombe anabaki anaashiria tu, sasa hivi haongei. Ni jamii hiyo hiyo. Familia ya Bruce Willis yule muigizaji ilitangaza 2023 kuwa anayo, na mwaka mmoja kabla walikuwa wamesema ni afasia, yaani shida ya lugha. Mwambie mama yako huo ni ugonjwa jamani, mumewe hajamchukia. Na angalieni hela mapema!! Wagonjwa hawa wanagawa, wanakopa, wanatapeliwa kirahisi mno.

Mfuatiliaji:
Naongezea, dawa ya kuuponya au kuusimamisha bado haipo, na zile za Alzheimer (ile demensia ya kusahau) kama donepezil hazisaidii huku, kuna wanaozidi kuchachamaa. Za sonona zinaweza kutuliza tabia kidogo kwa hiyo msizikatishe bila daktari. Ulizeni pia upande wa baba kama kuna aliyekuwa hivi au aliyeishiwa nguvu za misuli, maana baadhi ya familia zinarithishana jeni (chembe za urithi) zenye hitilafu na moja yake, C9orf72, inaleta yote mawili.

Kitindamimba:
Aisee. Babu mzaa baba mikono iliishiwa nguvu hadi akashindwa kushika kijiko, sikuwahi kuunganisha. Namtafuta shangazi leo aniambie vizuri halafu naandika kila kitu twende nacho kwa daktari. Mama nimemsomea majibu yenu, kalia sana, ila kaniomba nimrudie ile sehemu ya kwamba haioni.