Besi bila freti: ning'oe mwenyewe, nipake epoksi, au niagize shingo nyingine?

Besi ya Kondele (Kisumu)
Wadau, nina gitaa la besi la akiba, la nyuzi 4. Shingo imefungwa kwa skrubu, ubao wa vidole ni mbao ya rozwudi, na freti (vile vyuma vyembamba vilivyokingama kwenye ubao huo) zimelika vibaya. Badala ya kuweka mpya, nataka kuziondoa kabisa nipate ile sauti inayoteleza. Naona njia tatu: kung'oa na kujaza mianya kwa mbao, kung'oa kisha kupaka epoksi (gundi inayokauka ikawa ngumu) ubao mzima, au kuagiza shingo iliyotengenezwa bila freti. Waliowahi kufanya, nishaurini.

Fundi wa Kibuye
Ng'oa mwenyewe, ujaze mbao. Toa nyuzi, rekebisha chuma cha ndani ya shingo mpaka ubao unyooke. Gusa freti kwa chuma cha kulehemu mpaka ipate moto, gundi ilegee. Kisha chukua koleo la kung'olea misumari, lenye mdomo uliosagwa ukawa bapa, anzia ukingoni na UMINYE. Usivute. Ukiminya, mdomo unajipenyeza chini ya freti na freti inainuka yenyewe. Ukivuta, meno ya freti yanabandua vibanzi vya ubao. Kibanzi kikitoka, kirudishe pale pale kwa tone la supaglu kabla hakijapotea.

Mwanya una upana wa kama milimita 0.6, na vinia ya seremala, yaani karatasi nyembamba ya mbao, haiko mbali na hapo. Chagua nyeupe, upate mistari ya kukuongoza. Mianya ikibaki wazi, nyuzi zitaivuta shingo ipinde mbele. Ukigongea vipande vilivyobana mno, itapinda nyuma. Malizia kwa msasa uliofungwa kwenye kibao chenye mviringo sawa na wa ubao wako.

Nyuzi Nne Nakuru
Kazi ya Fundi naiheshimu, lakini mimi niko upande wa shingo nyingine. Ukishang'oa hakuna kurudi nyuma kirahisi, na kesho bendi ya kanisa ikitaka besi ya kawaida utafanyaje? Shingo ya skrubu unabadilisha jioni moja. Hakikisha tu urefu wa sehemu ya uzi inayolia ni ule ule, kwa besi nyingi inchi 34, na kisigino, yaani mwisho wa shingo unaofungwa mwilini, kinaingia kwenye nafasi yake bila kucheza. Ubaya ni bei, pamoja na usafiri na ushuru.

Kijana wa Kakamega
Kuhusu epoksi: Jaco Pastorius, yule mpiga besi wa Marekani, alipaka ya mashua kwenye besi yake ya Fender Jazz Bass ya 1962 kwa sababu alipenda nyuzi za kawaida, zile za waya wa mviringo, ambazo hutafuna mbao. Sauti yake inang'aa, ni kweli. Lakini epoksi inataka chumba kisicho na vumbi, glavu, na msasa mwingi sana baadaye. Nunua nyuzi bapa, zilizozungushiwa utepe badala ya waya mviringo. Ni ghali, ila hudumu miaka na hazikwaruzi rozwudi. Huo mti ni ndugu wa mpingo, si mlaini.

Binti wa Orutu (Ahero)
Kaka, angalia vidoti vya ubavuni mwa shingo. Vimewekwa katikati ya freti na freti. Bila freti, kidole hukaa juu kabisa ya mstari, si nyuma yake. Ukifuata vidoti vya zamani kila noti itakuwa chini. Weka alama mpya ubavuni kwenye mistari yenyewe. Sisi wa orutu, fidla ya Waluo, tuna uzi mmoja na hatuna mstari wowote, sikio ndilo linalopima, na wewe utafika huko. Anza polepole, uzi mwingine usiobonyezwa ukilia chini ya noti zako.

Besi ya Kondele (Kisumu)
Asanteni sana. Nang'oa na kujaza vinia, na nyuzi bapa. Nyuzi Nne, besi ya kanisani ni nyingine, hiyo siigusi. Fundi, tatizo moja: daraja langu, lile linalobeba nyuzi kwenye mwili wa besi, limeshuka mpaka mwisho, na freti zikitoka nyuzi zitabaki juu kwa milimita moja hivi.

Fundi wa Kibuye
Weka kabari ya vinia hiyo hiyo chini ya kisigino cha shingo, upande unaoelekea daraja. Shingo italala nyuma, nyuzi zitakaribia ubao. Kisha chimba kwa tupa ndogo mifereji ya kile kipande cha juu kinachobeba nyuzi, mpaka kati ya uzi na ubao pabaki unene wa karatasi. Pima kila baada ya kusugua kidogo, maana ukizidisha utahitaji kipande kipya.