Kichocho Pemba: tuendelee kuhesabu mayai au tutafute vinasaba?

Mtoa mada: Baada ya miaka mingi ya kugawa prazikwanteli, dawa ya kuua minyoo ya kichocho, kichocho cha mkojo kimepungua sana Unguja na Pemba, na mgonjwa aliyebakiwa na minyoo michache hutoa mayai machache mno, hata mililita 10 za mkojo tunazochuja zikawa hazina yai hata moja. PCR, kipimo cha maabara kinachozidisha vinasaba hadi vionekane, hutafuta vinasaba vya mnyoo wenyewe. Kwa nini basi tung'ang'anie hadubini, ambayo hutegemea jicho la mtu aliyechoka?

Msoma Slaidi: Huyo "mtu aliyechoka" ni mimi, sheikh. Yai la kichocho cha mkojo, lenye mwiba wake nchani, halijifichi kwa aliyelizoea. Tatizo ni kwamba mikojo huletwa saa moja asubuhi, ilhali mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne na saa nane mchana. Hapo jicho langu lina kosa gani?

Mtoa mada: Sikukusudia kukuvunjia heshima, lakini umenitetea mwenyewe: kipimo gani hicho kinachosubiri jua lipande?

Mwana wa Ziwani: Huku kwetu Mwanza kichocho ni cha tumbo, nasi hupima miligramu 41.7 za kinyesi kwa Kato-Katz, yaani kinyesi kilichotandazwa kwenye slaidi na kuhesabiwa mayai kwa hadubini, kisha huzidisha kwa 24 ili kupata mayai kwa gramu. Yai moja likipitwa, 24 yamepotea kwenye daftari. Namheshimu msoma slaidi, ila hesabu haina heshima.

Mama wa Wete: Mnabishana juu ya macho, wala hakuna aliyeuliza habari ya umeme. Vimeng'enya vya PCR huhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Juzi tu, kwenye kituo kimoja, nimeona maji ya barafu yakichuruzika chini ya mlango wa jokofu.

Mwana wa Ziwani: Dada, ipo LAMP, kipimo kingine cha vinasaba, inayofanya kazi kwa joto moja la nyuzi kama 65, bila mashine ya kupandisha na kushusha joto.

Msoma Slaidi: Ileteni hata kesho. Lakini atakayeshika pipeti, tone kwa tone, huku akijua kwamba mrija mmoja ukichafuliwa darasa zima litaonekana lina kichocho, ni nani kama si huyu huyu mchovu wenu?