Staji: mtoto ameniomba nisiseme, na Jumamosi wanamrudisha nyumbani

StajieriWaKatuba
Jambo bayaya na bamama. Nasoma kazi ya jamii, mwaka wa tatu, hapa Lubumbashi. Niko staji (mafunzo ya kazini) katika shirika dogo linalopokea watoto wa barabarani, komini Kenya, mtaa wa hapa mjini. Wiki mbili za kwanza niliandika rejista na kugawa bukari (ugali) tu. Ya tatu, mtoto mmoja wa miaka 11 akaanza kunikalia karibu. Juzi jioni akanionyesha mgongo. Baba yake mdogo alimchoma kwa pasi ya makaa, eti ni mulozi (mchawi), amekula bahati ya nyumba. Akanishika mkono: "Yaya, usimwambie mtu." Nikaitika.

Sasa jina lake liko kwenye orodha ya watakaorudishwa kwa familia Jumamosi. Mfadhili anangoja hesabu ya waliorudishwa, na aliyeandika orodha ndiye atakayenipa alama. Silali. Nifanye nini?

MamaWaRuashi
Binti yangu, sema leo. Lakini uanzie kwa mtoto mwenyewe. Mwambie jambo hili limekuzidi, mtaje utakayempelekea, na umhakikishie kwamba si baba yake mdogo. Akilisikia kutoka kwa mwingine, hatamfungulia mtu mzima tena moyo wake. Na usimrudishe kusimulia upya mbele ya kila mkubwa.

Mpitaji
Mimi ningengoja alama zitoke kwanza. Mkubwa wa shirika akikasirika, mwaka umepotea.

MamaWaRuashi
Mdogo wangu, staji inarudiwa. Kule nyumbani pasi bado ipo.

AvokaKampemba
Sheria yetu ya Kongo ya kulinda watoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inamhesabu mtoto anayesingiziwa uchawi kati ya walio katika hali ngumu, wanaostahili ulinzi wa pekee, na inamwadhibu anayemsingizia. Shirika lisiamue peke yake aende wapi. Asistanti sosiali (afisa wa ustawi wa jamii) wa serikali na hakimu wa watoto wahusishwe.

YayaMwalimu
Nasimamia wanafunzi wa staji. Andika ukurasa mmoja: tarehe, maneno ya mtoto kama alivyoyasema, ulichokiona mgongoni. Maoni yako yaache. Usipige picha, na jina lake lisionekane kwenye ripoti yako ya staji. Mpe mkubwa wa shirika karatasi hiyo kwa heshima. Wengi wao wanaendesha senta kwa kujitolea, hawakusomea kazi hii, na huenda mkubwa wako mgongo huo hajauona. Siku hiyohiyo mpigie mwalimu wako. Kuja kusimama nawe ni wajibu wake, si fadhila. Na ulipaswa kuwa na mtu wa kuketi naye kila wiki kuzungumzia unayoyasikia. Hilo nalo mwambie.

StajieriWaKatuba
Asanteni sana. Nimeongea naye asubuhi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama nitakuwepo watakapomwita. Nimemwambia ndiyo. Karatasi nimeiwasilisha, jina lake limeondolewa kwenye orodha kwa sasa, na mwalimu anakuja Ijumaa saa tatu.