Naomba ushauri: baruapepe moja ndiyo inayofungua akaunti zangu zote

Ndugu wanajamvi, habari zenu.

Juma lililopita nilipokea ujumbe mfupi wenye tarakimu 6 za kuthibitisha akaunti yangu ya WhatsApp, ambazo sikuwa nimeziomba, na punde mtu nisiyemjua akanipigia simu akidai kuwa zimetumwa kwangu kimakosa, hivyo nimsomee. Sikumsomea. Hata hivyo, nilipoingiwa na wasiwasi na kukagua baruapepe yangu, nilikuta kifaa nisichokitambua kimeingia humo, nikakiondoa papo hapo na kubadilisha nywila.

Kinachoninyima usingizi ni kwamba nywila ile ile (uvivu wangu, nakiri) nimeitumia kwingi tangu mwaka 2014, na baruapepe hiyo ndiyo inayopokea viungo vya kuweka upya nywila za akaunti nyingine zote, kwa hiyo aliyeingia angeweza kuzichukua moja baada ya nyingine. Nimeanza kuzibadilisha kwa msaada wa programu ya kutunza nywila.

Je, niachane na uthibitisho wa ujumbe mfupi, kwa kuwa namba ya simu inaweza kuhamishiwa kwa hila kwenye laini ya mtu mwingine, nitumie programu inayozalisha tarakimu mpya kila baada ya sekunde 30? Na simu hiyo ikipotea, zile namba za akiba za kurejesha akaunti ninyi mnazihifadhi wapi? Mimi nilizipiga picha, nikaziacha simuni humo humo, jambo ambalo sasa naliona ni sawa na kuufungia ufunguo ndani ya nyumba.