Kabula ana miaka 4, dawa mbili zimegoma: lishe ya ketojeniki ipi inawezekana hapa Mwanza?

MamaKabula (Nyakato)

Wakuu, mwadila. Naandika nikiwa kitandani, mtoto kalala pembeni, nasikiliza anavyohema. Wenye watoto wa kifafa mtanielewa.

Binti yangu ana miaka 4, kilo 14. Alianza na degedege la homa akiwa na mwaka na nusu. Tukasema ni malaria, huku ziwani mtoto gani hajaugua malaria. Baadaye likaanza kuja bila homa. Sasa ana aina mbili: lile la kutingishika mwili mzima, mara moja au mbili kwa wiki, na lile la kichwa kudondoka ghafla kama mtu anayesinzia. Hilo la pili asubuhi peke yake linafika mara kumi. Wiki iliyopita kaangukia ukingo wa beseni, nyusi imeshonwa nyuzi tatu.

Tulianza na fenobabito, mtoto akawa mkali, halali, anang'ata wenzake. Tukahamia Epilim, dawa nyingine ya kifafa. Dozi imepandishwa mpaka daktari kasema tusiende zaidi ya hapo. Sasa ameniwekea mambo matatu mezani: kuongeza dawa nyingine, lishe ya ketojeniki (mafuta mengi, wanga kidogo sana) ile kamili, au ile iliyolegezwa wanayoita Atkins. Kanipa wiki mbili nifikirie.

Hali ya nyumbani: mume yuko mgodini Geita, anakuja mwisho wa mwezi. Niko mimi, mama mkwe na dada wa kazi. Asubuhi nipo dukani hadi saa nane.

Nani kapitia? Nataka kulinganisha. Pole nimeshapewa za kutosha. Na tafadhali msinielekeze kwa mganga, nimeshaenda, chale mtoto anazo.

Mzee wa Mwaloni

Mtoto wa Kisukuma asiyekula ugali atapata wapi nguvu? Hizo keto ni za akina mama wa mjini wanaopunguza matumbo.

Baba Shija (Buzuruga)

Mzee shikamoo, lakini hapo umeteleza. Hiyo ya matumbo na hii ya kifafa zinafanana jina tu.

MamaKabula, mimi nimepita zote mbili, kamili na Atkins. Mwanangu sasa ana miaka 7. Tulianza ile kamili akiwa na miaka 3, tulipokuwa tunaishi Nairobi. Ile ni hesabu, sio mapishi. Wanaita nne kwa moja: gramu 4 za mafuta kwa kila gramu 1 ya protini na wanga vikijumlishwa. Mtoto wa saizi ya Kabula, akipangiwa kalori 1,000 kwa siku, anatakiwa ale mafuta gramu 100, halafu protini na wanga kwa pamoja gramu 25 tu. Fikiria hiyo 25 ndiyo yai, ndiyo samaki, ndiyo mchicha, ndiyo kila kitu.

Kila kinachoingia mdomoni kinapimwa. Mzani wa jikoni nilionao mwanzo ulikuwa unaruka gramu tano tano, hauna maana. Tuliporudi Mwanza nikaenda kwa jamaa anayenunua dhahabu, akaniuzia mzani wake wa zamani, unaosoma mpaka sehemu ya gramu. Mke wangu alikuwa anapima yai kwenye mzani wa dhahabu. Majirani walidhani tumeanza biashara.

Kingine ambacho hawakuambii mapema: mtoto lazima amalize. Mafuta yakibaki kwenye bakuli, hesabu imeharibika. Kila mlo ulikuwa unaisha kwa mimi kukwangua samli kwa kidole na kumlambisha. Siku mbili za mwanzo alitapika na kulegea kama kitambaa, tulikuwa wodini wakimpima sukari mara kwa mara.

Matokeo: alikuwa anaanguka mara kumi na tano hivi kwa siku. Ndani ya miezi miwili zikabaki nne au tano. Hazikuisha. Lakini alianza kuongea sentensi, na sisi tukaanza kulala.

Tuliihama kwa sababu mke alijifungua mdogo wake na mzani ukatushinda. Daktari akatuingiza kwenye Atkins. Hapo unahesabu wanga tu, gramu 10 kwa siku mwezi wa kwanza, baadaye 15 mpaka 20. Protini haipimwi, mafuta unamsukumia kadiri anavyoweza. Kwa mwanangu mshtuko haukurudi juu. Wa mtu mwingine unaweza kurudi.

LisheTu

Mimi ni afisa lishe, nimekuwa nikisoma nyuzi hizi kimya kimya. Nimuunge mkono Baba Shija halafu niongeze.

Lishe hii si ya mtandaoni jana. Ilianza kutumika kwa kifafa mwaka 1921, Mayo Clinic kule Marekani, baada ya madaktari kuona kuwa mtu mwenye kifafa akifunga kula, mshtuko unapungua. Mwili ukikosa wanga, ini linageuza mafuta kuwa ketoni, na ubongo unatumia hizo kwa sehemu kubwa badala ya sukari. Dawa za vidonge zilipokuja, lishe ikasahaulika kwa miaka mingi.

Ushahidi: mwaka 2008 Waingereza walichapisha utafiti wa watoto 145 ambao dawa zilikuwa zimewashinda. Baada ya miezi mitatu, asilimia 38 ya waliopangiwa lishe walipungukiwa mshtuko kwa zaidi ya nusu. Kwa waliobaki na dawa zao tu, ni asilimia 6. Kwa hiyo si muujiza na si porojo.

Kuhusu dawa ya tatu: dawa mbili zilizochaguliwa vizuri, kwa dozi ya kutosha, zikishindwa, uwezekano wa ya tatu kumaliza mshtuko kabisa unakuwa mdogo. Lakini mama, muulize daktari kama kweli mbili zimeshindwa. Fenobabito uliiacha kwa sababu ya ukali wa mtoto, au kwa sababu haikuzuia? Hayo ni mambo mawili tofauti.

Na hilo la kichwa kudondoka: baadhi ya kifafa cha aina hiyo ni miongoni mwa vinavyoitikia lishe vizuri. Lisemee waziwazi kliniki, ikiwezekana mrekodi kwa simu.

MamaWawili_Igoma

Mimi nilichagua dawa, na sijutii. Wa kwangu tulimwongezea lamotrijini juu ya Epilim. Ilipandishwa polepole mno, wiki kwa wiki, kwa sababu Epilim inaifanya ikae mwilini kwa wingi, na ukikimbiza unaweza kupata upele wa hatari. Nilikuwa namkagua mgongo kila usiku kwa tochi. Mtoto akatulia, sasa mwezi wa nane.

Niseme ukweli, lishe niliiogopa kwa sababu ya nyumba yetu. Tuko wapangaji sita, uani pamoja. Mtoto anakula sehemu sita.

MamaKabula (Nyakato)

@LisheTu fenobabito ilizuia kidogo, ila tabia ndiyo ilitushinda. Nitauliza. Asante, hilo sikulifikiria.

@MamaWawili hapo uani umenigusa. Mama mkwe wangu anampenda mtoto kwa mkono. Kila akipita, michembe. Matobolwa. Viazi vitamu vilivyokaushwa hivyo. Kipande cha muwa.

Mkerewe Halisi

Nipo Nansio. Sisi tulipewa ya nne ambayo hujaitaja: ya wanga mchache unaopanda sukari taratibu. Gramu 40 mpaka 60 za wanga kwa siku, unachagua vile visivyorusha sukari: dengu, choroko, maharage kidogo. Ugali na wali vinaondoka, lakini mtoto anakula kitu kinachofanana na chakula cha wenzake. Nilisikia haijafanyiwa utafiti mwingi kama hizo mbili. Kwa wa kwangu imesaidia kiasi, mshtuko wa usiku umebaki.

Nataka nikuonye kuhusu malaria. Mwanangu alipata homa, tukakimbilia zahanati moja usiku. Kabla sijamaliza kueleza, dripu ya glukosi ilikuwa imeshaanza kudondoka. Hakuna aliyekosea kwa nia mbaya, huku mtoto mlegevu ni dripu. Lakini ketoni zilianguka na asubuhi alishtuka mara nne. Sasa ana kadi imeshonewa ndani ya mfuko wa gauni: "Nipo kwenye lishe ya kifafa. Pima sukari kwanza. Sukari ikiwa sawa, dripu isiyo na glukosi."

LisheTu

Kadi hiyo iwe mfano kwa wote. Na msisitizo: sukari ikiwa imeshuka au mtoto hajitambui, apewe glukosi bila kubishana. Ketoni zitarudi, ubongo uliokosa sukari haurudi.

Mama, vitu vya kukamilisha kabla ya kubadilisha hata kijiko kimoja cha uji:

Vipimo vya damu vya ini, figo na mafuta, uzito na urefu. Kuna watoto wachache waliozaliwa na tatizo la kuchakata mafuta, na kwao lishe hii ni sumu. Ndiyo sababu hakuna anayeianza peke yake nyumbani, hata iwe ile ya Atkins.

Dawa haziachwi. Lishe inawekwa juu ya dawa. Dawa nyingi za maji zina sukari, daktari anaweza kumhamishia kwenye vidonge, ila zile za kutoa dawa polepole hazisagwi.

Vitamini, kalsiamu na maji mengi. Takriban mtoto 1 kati ya 20 kwenye lishe hii hupata mawe ya figo. Choo kigumu ni karibu kila mtoto. Urefu unaweza kupungua kasi, kwa hiyo apimwe kila mkienda.

Majaribio ni miezi mitatu. Ikisaidia, kwa kawaida huendelea miaka miwili hivi, kisha inapunguzwa pole pole. Haikatwi siku moja.

Na akiugua malaria, vidonge vya mseto vinafyonzwa vizuri vikiliwa na mafuta. Kwa hilo Kabula atakuwa mbele ya wenzake.

Mzee wa Mwaloni

Basi nimeelewa. Swali la mvuvi: samaki gani anafaa? Nisije nikamletea mtoto kitu kibaya.

Baba Shija (Buzuruga)

Mzee wangu, samaki wote, samaki hana wanga. Ila lete sangara mwenye mafuta, ile sehemu ya tumbo. Sato ni mkavu, utamwagia mafuta mpaka uchoke. Dagaa safi.

MamaKabula, siku ya mwanangu kwenye Atkins ilikuwa hivi. Asubuhi mayai mawili yaliyokaangwa kwa samli nyingi, na nusu ya parachichi. Mchana dagaa wa mawese na mchicha. Jioni sangara wa tui zito. Katikati, karanga za kuhesabu, au parachichi tena. Maziwa tuliyaacha, glasi moja ina wanga gramu 12, umemaliza siku. Tonge la ugali la ukubwa wa yai ni hivyo hivyo. Soda usiitaje.

Mtego mkubwa ulikuwa kitunguu. Mtu anakwambia mboga haina wanga, kumbe rosti yenye vitunguu viwili na nyanya tatu inakula nusu ya hesabu. Tulijifunza kupikia mwanangu sufuria yake.

Ketoni tulipima kwa vijiti vya mkojo, vile vya kawaida vya maabara vina kiboksi cha ketoni. Ikigeuka zambarau ya kukolea, mambo ni mazuri. Ikiwa hafifu, nilianza upelelezi: nani kampa nini. Mara moja ilikuwa dawa ya kikohozi. Mara nyingine ni mimi mwenyewe, nilimpa andazi la robo kwa huruma, na sikumwambia mke wangu mpaka leo.

Kwa nyumba yako, na wewe uko dukani, ile kamili usiianze. Inataka mtu mmoja ambaye hana kazi nyingine. Atkins inavumilia binadamu.

MamaWawili_Igoma

Nilikuwa naisubiri hiyo ya andazi.

LisheTu

Nakubaliana kwa umri wake. Angekuwa chini ya miaka 2 ningesema kamili. Na MamaKabula, mkiwa kwenye majaribio asikae karibu na mafiga peke yake, wala ziwani, hata kama siku tatu zimepita bila kuanguka. Mshtuko ukizidi dakika tano, hospitali. Alazwe ubavu, kijiko kisiingie mdomoni.

MamaKabula (Nyakato)

Nimerudi kliniki leo. Fenobabito daktari kasema ilizuia kidogo lakini isingetosha, kwa hiyo zinahesabika mbili. Tunaanza Atkins, vipimo vimechukuliwa, majibu Ijumaa. Lamotrijini tumeiweka akiba kama miezi mitatu itapita bure. Vidonge badala ya ya maji. Mume nimempigia, kasema mwisho wa mwezi kabla hajavuka daraja la Busisi kuja huku atapitia mzani kwa wanunuzi wa dhahabu Geita, ingawa Atkins haihitaji sana. Anataka tu kuwa na kitu cha kufanya.

Kazi ilikuwa mama mkwe. Nilimkalisha chini, nikamwonyesha kidonda cha nyusi, nikamweleza ya michembe. Alikaa kimya muda mrefu. Sasa hivi kapita mlangoni, kanyoosha kiganja chenye karanga tatu, kaniuliza:

"Na hizi nazo mnahesabu?"

Nimemwambia tunahesabu. Kazirudisha kwenye kopo.